Msaada Unaotazamia Malipo

Katika masuala ambayo wenye hekima wa dini na wa falsafa wamehitilafiana tangu kale, lipo moja ambalo hupuuzwa na watu wa sokoni kwa kudhani kwamba ni la wenye vilemba na vitabu, na hupuuzwa na wenye vilemba kwa kudhani kwamba ni la watu wa sokoni. Nalo ni hili: mtu anapomsaidia mwenziwe hali anatazamia kusaidiwa kesho, je, amefanya wema, au amefanya biashara tu? Sijui mahali panapolidhihirisha suala hili zaidi ya chama cha wafanyabiashara wa mkoa au wa wilaya, ambako watu wanaoshindania mteja mmoja hukaa katika ukumbi mmoja, wakalipa ada, wakachagua mwenyekiti na mweka hazina, wakaandika katika katiba yao kwamba shabaha yao ni kusaidiana, kisha wakatoka, kila mmoja akarudi dukani kwake kuichungulia bei ya jirani. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa ni unafiki uliopigwa mhuri. Mimi siwafuati, walakini hoja yao si nyepesi, nayo yastahili kusikilizwa mpaka mwisho kabla ya kuhukumiwa.

Yafaa kwanza ikumbukwe kwamba pwani hii ya Afrika Mashariki haikumngojea Mjerumani wala Mwingereza aje kuifundisha jinsi wafanyabiashara wanavyoshikana mikono. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, aliteremka Mogadishu, na miongoni mwa mambo aliyoyahadithia ni desturi ya mji ule ya kuwapokea matajiri wanaokuja kwa njia ya bahari. Chombo kilipotia nanga, mashua ndogo zilitoka pwani zikakizunguka, na ndani ya kila mashua mlikuwa na vijana, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa, naye akaipeleka kwa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni hakushukia ila nyumbani kwa huyo aliyemtangaza, isipokuwa awe ni mtu aliyekwisha uzoea mji na kuwajua wenyewe, ambaye aliachiwa akae apendapo. Na mwenyeji ndiye aliyemwuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia alizozitaka. Na mtu aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyefanya naye biashara mwenyeji wake hayupo, muamala wake ulihesabiwa kuwa batili. Ibn Battuta mwenyewe hakuangukia mikononi mwa mwenyeji wa tijara, kwa sababu vijana walipoambiwa kwamba yeye si mfanyabiashara bali ni mwanachuoni, walimtangaza kuwa ni mgeni wa kadhi.

Itazame sahani ile. Mtu aliyekuja kwa pepo za kaskazi alikuwa amefungwa na majira, hawezi kurudi kwao mpaka upepo ugeuke, na katika miezi hiyo ya kungoja haijui mizani ya mji, hajui sarafu ipi njema na ipi mbovu, hajui nani hulipa na nani hukimbia deni. Mwenyeji alimpa paa la kulala, ulimi wa kusemea na jina jema la kuegemea. Kwa lugha ya makatibu wa siku hizi, alimpa taarifa za soko, utambulisho kwa wanunuzi na dhamana. Naye mwenyeji hakutoka mikono mitupu, na pengine alipata zaidi ya ujira wake wa haki, maana mgeni aliyefungwa kwa mwenyeji mmoja hana pa kwenda kulinganisha bei. Yeyote atakayejaribu kuigawa sahani ile mafungu mawili, hili la ukarimu na hili la faida, atakesha. Nami nashuku hata kijana aliyeichukua mikononi hangeweza kuigawa.

Wanaokanusha husema hivi. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Nabii Isa anamwasa mtu aandaaye karamu asiwaalike jamaa zake na majirani zake matajiri, ambao watamwalika nao na kwa hivyo atakuwa amekwisha lipwa, bali awaalike maskini na viwete na vipofu, ambao hawana cha kumrudishia. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika katika kitabu chake cha Ihya juu ya haki za udugu, aliweka daraja tatu katika mali: ya chini ni kumweka ndugu yako mahali pa mtumishi wako, ukamkidhia haja yake kwa ziada ya ulicho nacho bila ya kumngoja aombe; ya kati ni kumweka mahali pa nafsi yako, ukashirikiana naye mali yako; na ya juu ni kumtanguliza mbele ya nafsi yako. Katika daraja hizo zote, hata ile ya chini, hamna nafasi ya mtu anayempa mwenziwe kwa sharti la kurudishiwa. Na Aristotle, kabla yao wote, alikwisha wapambanua marafiki wa manufaa na marafiki wa starehe na marafiki wa wema, akaona kuwa urafiki wa manufaa huvunjika mara manufaa yenyewe yanapokoma. Ukiwakusanya mashahidi hawa, chama cha wafanyabiashara chaonekana kimekwisha hukumiwa: ni karamu ya matajiri wanaoalikana, ni udugu usiofika hata daraja ya kwanza, ni urafiki wa manufaa wenye risiti na daftari. Na methali yetu yenyewe yaelekea kushuhudia upande huo huo, isemapo kwamba mkono mtupu haulambwi.

Mashahidi ni waadilifu, lakini wameitwa katika kesi isiyo yao. Luka anasimulia juu ya karamu, Ghazali juu ya udugu kwa ajili ya Mungu, na Aristotle, pale alipousifu urafiki wa wema, alikuwa akiutafuta ule ulio kamili; na yote hayo ni mbali na muamala wa watu wawili wanaojua kwamba kila mmoja ana haja yake. Ghazali huyo huyo, katika kitabu hicho hicho, aliweka mlango mzima juu ya adabu za kuchuma na kutafuta maisha, wala hakumtaka mfanyabiashara asahau faida. Alimtaka asidhulumu, asifiche aibu ya bidhaa, na asiisahau akhera yake akiwa sokoni. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, yaani aya ya 282 ya sura ya Baqara, haihusu sala wala saumu wala hija; yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Dini isingeshughulika na jambo hilo kwa urefu namna ile kama ingeona kuwa shughuli za kupeana na kudaiana ni takataka ya kufagiwa nje ya maisha ya mcha Mungu. Muamala hauulizi usafi wa moyo kama sala iuulizavyo. Huuliza ukweli wa mizani, utimizo wa ahadi na ridhaa ya pande mbili.

Nionavyo mimi, wanaokanusha na wanachama wanaojisifu wameteleza mahali pamoja, kwa kuwa wote hutazama nia. Mkosoaji humwambia mwanachama, "Wewe wasaidia kwa tamaa"; mwanachama hujibu, "La, nasaidia kwa mapenzi ya ndugu zangu"; na ubishi huo hauna kadhi hapa duniani, kwa kuwa yaliyo moyoni hayana shahidi ila Mola. Chama hakina uwezo wa kuigeuza nia ya mtu. Kinachogeuka siku mtu anapolipa ada na kutia sahihi ni haki anazodaiwa na wenziwe. Jana hakuwa na wajibu kwa muuza saruji wa mtaa wa pili zaidi ya salamu na ujirani mwema. Leo yapo mambo anayodaiwa, na mambo hayo yaweza kudaiwa hadharani, mbele ya mwenyekiti, bila ya mtu yeyote kumpasua kifua atazame alilolificha.

Fauka ya hayo, nia yenyewe si kitu kinachokaa mahali pamoja. Mwaka 1905, katika mji wa Chicago, wakili mmoja, Paul Harris, alikutana na wenziwe watatu wakaanzisha klabu ya Rotary, na katika siku za mwanzo shabaha yao haikufichwa: walipokea mtu mmoja kutoka kila kazi, ili ndani ya chumba asiwe na mshindani, na wanachama walitazamiwa kununuliana na kupelekeana wateja. Haikupita miaka mingi watu hao hao wakaanza kushughulikia ujenzi wa vyoo vya umma mjini mwao, na leo ukilitaja jina la klabu ile mtu atakumbuka chanjo ya polio kabla hajakumbuka biashara. Sisemi kwamba kila chama kitashika njia hiyo. Vingi havitaishika, na vingine vitaishika kwa ajili ya kupigwa picha. Lakini wale wanne wangalingoja mpaka nia zao zitakate ndipo wakutane, hapana ambacho kingalianzishwa.

Niliwahi kukaa safu ya nyuma, mgeni nisiye na kura, katika mkutano wa tawi moja la wafanyabiashara mkoani Tanga. Ajenda ilikuwa ndefu na feni ilikuwa moja. Ofisa aliyealikwa alikuwa akieleza utaratibu uliorahisishwa wa biashara ndogo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki: kwamba mwenye bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, na thamani yake haizidi dola 2,000 za Kimarekani, aweza kuvuka Horohoro kwa cheti chepesi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa pale pale mpakani, asitozwe ushuru wa forodha, ijapokuwa kodi nyingine na kanuni za afya ya mimea zabaki kama zilivyo. Mama mmoja, afungaye pilipili manga na mdalasini wa Amani katika pakiti na kuuza Mombasa, akanyanyua mkono. Akasema kwa upole kwamba siku zote amekuwa akimlipa kishoka pale mpakani ampitishie mzigo. Kisha akamgeukia mzee aliyekaa safu ya mbele, mwenye kufanya biashara ile ile ya viungo, mwanachama wa siku nyingi, akamwuliza: "Shikamoo, baba. Nawe mizigo yako yapita Horohoro kila mwezi. Cheti hiki hukukijua?" Mzee akajibu bila haya na bila hasira: "Marahaba, mwanangu. Nakijua. Hukuniuliza." Watu wakacheka, mwenyekiti akagonga meza, ajenda ikaendelea.

Sikucheka, wala sikuona sababu ya kumlaani mzee. Niliona suala la falsafa limewekwa mezani na watu wakalipita kama gazeti la jana. Nje ya chama, mzee yule hana kosa. Maarifa ya soko ameyapata kwa jasho na kwa hasara, na mafakihi waliomharimishia muuzaji kumficha mnunuzi aibu ya bidhaa hawakumfaradhishia kuamka alfajiri akamgongee mlango mshindani wake ili amfundishe njia. Kunyamaza kwake kungekuwa ni haki yake, sawa na haki ya kulifunga sanduku lake. Ndani ya chama mambo si hayo. Miaka yote amekaa katika viti vile vile akisikiliza nani ananunua, sheria gani imebadilika, wakala gani wa forodha ni mwaminifu na yupi wa kuepukwa. Na yote hayo ameyachukua kwa sababu wengine walifungua vinywa vyao. Aliyekwisha kuchukua hawezi kudai kwamba anyamazapo analinda mali yake, kwa kuwa anachokizuia ni cha wenziwe kama alivyo mdaiwa azuiaye fedha za watu. Na neno lake kwamba hakuulizwa halimsaidii, maana mtu asiyejua kuwa kitu kipo hana namna ya kukiuliza.

Ipo mipaka, nami nisingependa kueleweka vibaya. Jina la mnunuzi wa mzee kule Mombasa, bei waliyopatana, fundi anayemsagia, hayo ni yake na watoto wake, na chama kitakachomlazimisha kuyatoa kitakuwa kimemnyang'anya. Lakini cheti kile ni sheria ya nchi tatu na zaidi, imewekwa kwa ajili ya kila mtu, na sheria iliyowekwa kwa wote ikibaki vichwani mwa wachache huwa ni rasilmali ya wachache. Hapa ndipo nipambanuapo baina ya siri na elimu. Chama kilinde siri za wanachama kwa amana yote, na elimu kiimwage. Wala si ndani ya ukumbi tu, bali kiibandike karatasi upande wa nje wa mlango, ambako mchuuzi asiye na uwezo wa kulipa ada aweza kuisoma akipita na ndoo yake.

Katika kazi nyingine za vyama sina mengi ya kusema, kwa kuwa zajisemea zenyewe: kuwapatanisha wanachama kabla hawajafikishana mahakamani, kupeleka malalamiko ya kodi kwa sauti moja, kuandika barua ya kumtambulisha mtu wa Lushoto kwa mtu wa Kampala, kutoa vyeti vya uasili wa bidhaa kama zifanyavyo chemba za biashara, ikiwemo ya Tanzania iliyoanzishwa mwaka 1988, kufundisha wenye maduka namna ya kutunza hesabu. Hizo ni huduma, zina gharama, na mtu azilipie. Lililo gumu ni kadi za biashara. Nimeona mikutano inayojipima kwa wingi wa kadi zilizobadilishana mikono, na watu warudi nyumbani mifuko imejaa majina ya watu ambao hawatawatambua wakikutana nao sokoni. Utambulisho wenye maana ni ule ambao mtambulishaji amejitia dhamana ndani yake, hata yule aliyetambulishwa akikimbia na mzigo, lawama impate aliyemleta. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwenyeji wa kale, na ndiyo maana neno lake lilikuwa na thamani.

Haki za ndani zina hatari ya kuwa dhuluma kwa walio nje, na hapa wanaokanusha wana nguvu kuliko walivyodhani, ijapokuwa walipiga mahali pengine. Adam Smith, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1776, aliona kwamba watu wa kazi moja ni nadra kukutana, hata kwa kujifurahisha, mazungumzo yao yasiishie katika njama juu ya umma au hila ya kupandisha bei. Miaka zaidi ya elfu moja kabla yake Mtume Muhammad alikwisha wakataza watu kuulaki msafara nje ya mji na kuinunua shehena kabla wenye nayo hawajafika sokoni wakaijua bei, na mwenye mali akapewa khiari ya kuuvunja uuzaji ule akifika sokoni na kuona amepunjwa. Linganisha katazo hilo na zile mashua za Mogadishu, nazo pia zilitoka kwenda kumlaki mgeni kabla hajakanyaga nchi. Tofauti ni kwamba mlaki wa msafara aliutumia ujinga wa mgeni, na mji wa Mogadishu ulimwekea mgeni sheria ya kumkinga na bei ya kumpunja. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini ni nyembamba, kwa kuwa yasimama juu ya kuwapo kwa mtu mwenye mamlaka na asiyekuwa na hisa katika mzigo.

Juu ya mamlaka yanayotiwa mikononi mwa chama chenyewe, mwaka 1937 ulitoa masomo mawili kwa mpigo mmoja. Unguja kulikuwa na chama cha wakulima wa karafuu kilichoundwa mwaka 1927, na haja yake ilikuwa ya kweli, kwa kuwa wakulima wengi walikuwa wamezama katika madeni. Lakini serikali ilipokipa kwa sheria mamlaka juu ya ununuzi wa karafuu, wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wakiiendesha biashara hiyo waligoma, na Bara Hindi, mnunuzi mkubwa, likazisusia karafuu za Unguja, mpaka ilipobidi mapatano yafanywe mwaka 1938. Mwaka huo huo wa 1937 ghasia zilizuka Kilimanjaro, ambako chama cha ushirika cha wenye kahawa, KNCU, kilichoandikishwa mwaka 1933 juu ya msingi wa chama cha wakulima cha mwaka 1925, kilikuwa kimepewa nguvu ya amri kwamba kahawa yote ipite mikononi mwake. Simo miongoni mwa wanaoidharau kazi ya vyama hivyo. Nani angemtetea mkulima mbele ya mkopeshaji, kama si wakulima wenziwe? Ila katika nyakati zote mbili msaada uligeuka lango, na mtu aliyetaka kupita pembeni, kwa sababu njema au mbaya, akakuta ukuta. Mtu huridhia kusaidiwa. Akilazimishwa ridhaa imetoka, na kwa mafakihi muamala uliotokwa na ridhaa hauna uhai.

Hata hivyo, mtihani mkubwa wa chama siuoni langoni. Nauona katika daftari la ada.

Aristotle bado hajajibiwa. Alisema urafiki wa manufaa hufa manufaa yakifa, na katika katiba za vyama vingi unasomeka ushahidi wake kwa herufi za taipu: mwanachama asiyelipa ada kwa muda fulani, jina lake litafutwa. Ukisoma haraka, ni kifungu cha uhasibu. Ukisoma polepole utaona kwamba kimemchagua mtu kwa makini. Duka limeungua, au mdaiwa wake mkubwa amevuka mpaka usiku, au serikali imebadili ushuru na shehena iliyokwisha nunuliwa imekuwa hasara. Basi miezi ya kwanza hulipa ada kwa kuuza vitu vya nyumbani, kwa haya. Miezi ya pili hahudhurii, kwa haya hiyo hiyo. Na mwishoni mwa mwaka katibu hulipitishia jina lake rula na wino mwekundu. Siku aliyokuwa na nguvu ya kusaidia wengine alikuwa ndugu. Siku aliyohitaji kuutumia ule udugu aliokuwa akiulipia miaka kumi, kifungu kikamtoa nje. Mwenye kutaka kujua kama chama ni karamu ya wanaoalikana au ni kitu kingine, na asome kifungu hicho kabla ya kusoma hotuba ya mwenyekiti.

Dini hazikumwacha mtu huyu njiani. Aya ya 280 ya sura ile ile ya Baqara yaamuru kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula mpaka afarijike, na kumsamehe ni heri zaidi. Katika mafungu manane ya wanaostahiki zaka, moja ni la waliolemewa na madeni, na wanavyuoni wengi wamemwingiza humo mtu ambaye hakuwa fukara tangu asili, bali ni tajiri wa jana aliyepatwa na msiba. Na yapo mafundisho ya Mtume alipowauliza masahaba wake muflisi ni nani, nao wakamtaja asiye na dirhamu wala mali. Naye akawageuzia macho kwa yule atakayekuja siku ya kiyama na sala na saumu na zaka, hali amemtukana huyu na kula mali ya yule, mema yake yakagawiwa waliodhulumiwa mpaka yakaisha. Sina ujasiri wa kusema kwamba mtu mwenye duka lililojaa, aliyenyanyua mkono kuunga mkono kufutwa kwa jina la mwenziwe, ameingia katika hesabu hiyo. Nasema kwamba waliofundishwa hivyo hawana udhuru wa kulipitisha jambo hilo chini ya mengineyo, dakika tano kabla ya chai.

Erika Fiah, Mganda mwenye duka Dar es Salaam, alipounda mwaka 1934 chama cha ustawi na biashara cha Waafrika, hakuvitenga vitu hivyo viwili katika vyumba mbalimbali, na watu wa pwani waliochangiana arusi na mazishi tangu zamani hawakushangaa. Kwa nini mchango uwe wa arusi na wa jeneza tu, na mtu aliyeanguka sokoni, akiwa hai, na watoto wanakwenda shule, asichangiwe? Hapa ndipo suala la mwanzo linapopata jawabu, kwa kadiri ya akili yangu. Msaada unaotazamia malipo ni halali, una baraka yake, wala hauna haja ya kujifunika shuka la upendo ili upate heshima. Lakini chama kinachojua msaada wa namna hiyo peke yake ni soko lenye viti. Kinakuwa zaidi ya soko pale kinapoandika kwa sheria, si kwa huruma ya siku moja, kwamba yupo mtu mmoja ambaye hesabu za nipe nikupe hazimhusu, na mtu huyo ni mwanachama aliyefilisika bila hila.

Basi nawasihi makatibu na wenyeviti wa matawi, Tanga na Mombasa, Moshi na Bukoba, na kila mahali ambako mkutano mkuu wa mwaka unakaribia: kifungueni tena kifungu cha ada. Andikeni kwamba jina la mwanachama aliyeanguka lisifutwe kabla ya miaka miwili. Kwamba katika muda huo ada yake ilipwe na mfuko wa chama. Kwamba wanachama wanaomdai wakae naye mbele ya kamati ya suluhu kabla ya kupeleka kesi. Na kwamba kura yake ibaki yake. Kubadili katiba kwa kawaida kwahitaji theluthi mbili za waliohudhuria, na mara nyingi waliohudhuria hawajazi ukumbi.